Ajizi Ni Nyumba ya Maradhi

Jioni moja ya mwezi wa Mei mwaka 2023, baada ya swala ya Isha, nilipita barazani kwetu hapa Mombasa nikiwa nimevaa viatu vya mbio na jasho lanitiririka. Wazee walikuwa wamekaa na kahawa yao kama ada. Mmoja wao, ambaye kwangu ni kama baba kwani ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma, akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanitazama toka utosini hata vidoleni.

"Hebu nambie, mwanangu. Nasikia wataka kwenda Meru kukimbia na vifaru. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee wangu. Ila sikimbii nao. Nakimbia katika nchi yao."

"Na umri wako sasa ni miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Una mke, una watoto watatu, mshahara wa ualimu wapata. Basi huna linalokukimbiza. Wakimbia nini?"

Baraza zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwani mzee ni bingwa wa maneno na swali lake lilikuwa limekaa vizuri. Lakini nilipofika nyumbani swali lile halikuniacha. Nililala nalo, nikaamka nalo. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine wengi wa mwambao huu wanaodhani kwamba mtu mzima kutoka jasho kwa hiari yake ni jambo la kitoto, au ni kuiga Wazungu, au ni kukosa kazi.

KILICHONITOA KITINI

Marehemu baba yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikatwa mguu wa kulia, akaishi miaka mitatu juu ya kiti, kisha Mola akamchukua. Mwaka 2017 nami nilikwenda kupimwa, si kwa hamu yangu bali kwa kuwa mke wangu alinishikilia. Daktari alitazama karatasi akaniambia, "Mwalimu, bado hujaingia, lakini u mlangoni."

Neno lile lilinishtua kuliko kama angaliniambia kwamba nimekwisha kuugua. Aliyeingia huanza kutafuta dawa. Aliye mlangoni ana nafasi ya kugeuka, na asipogeuka hana wa kumlaumu.

Nani miongoni mwetu asiyemjua mtu wa sukari? Kila mtaa una kiti cha magurudumu, kila nyumba ina friji iliyowekwa sindano za insulini kando ya mtungi wa maziwa. Aghalabu tunasema ni kudra, tukanyamaza. Kudra ni haki, lakini kudra haikutukataza kuinuka. Wengine husema ni chakula chetu, yaani wali wa nazi, mahamri kwa mbaazi, halua na chai iliyokolea sukari. Mimi sikubali kwamba kosa lote ni la sufuria. Babu zetu walikula wali huo huo wa nazi, kisha wakauteketeza kwa kupiga kafi, kwa kutweka tanga, kwa kuchukua mizigo bandarini, na kwa kwenda shamba na kurudi kwa miguu. Chakula tumekirithi, lakini kazi iliyokuwa ikikichoma hatukuirithi. Twatoka kitini nyumbani kwenda kwenye kiti cha matatu, hata kiti cha afisi, kisha tukarudi kukaa barazani.

Basi nikaanza. Siku ya kwanza, baada ya Alfajiri, nilitembea tu, nusu saa. Baada ya mwezi nikawa nakimbia kidogo na kutembea kidogo. Baada ya mwaka nikaweza kukimbia kilomita kumi bila ya kusimama. Sukari ikashuka, tumbo likapungua, na usingizi ukarudi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilipojaa nikatamani pishi.

BARAZA LA HAWAII

Pishi yenyewe ni mchezo uitwao traiathloni, yaani michezo mitatu katika siku moja bila ya kupumzika: kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia. Mashindano ya kwanza ya jina hilo yalifanyika San Diego huko Marekani mwaka 1974. Lakini yaliyoupa mchezo huu sifa duniani ni yale ya Hawaii, na asili yake wazee wetu wa barazani wataipenda.

Ilikuwa mwaka 1977. Wanamichezo walikuwa wamekaa pamoja baada ya mbio, wakibishana ni nani aliye na nguvu na subira zaidi: muogeleaji, mpanda baiskeli au mkimbiaji. Kila mmoja alivutia kwake. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akasema kwamba dawa ya ubishi ni vitendo. Hapo kisiwani palikuwapo mashindano matatu makubwa, moja la kuogelea, moja la baiskeli na moja la marathoni. Yaungwe yote matatu siku moja, na atakayetangulia aitwe mtu wa chuma. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 wakajitosa baharini. Wakaogelea karibu kilomita 3.9, wakapanda baiskeli kilomita 180, kisha wakakimbia kilomita 42 na ushei. Kati yao 12 walimaliza, na wa kwanza, Gordon Haller, alitumia karibu saa kumi na mbili.

Yaani mchezo huu umezaliwa na ubishi wa baraza. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao waliinuka barazani.

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 traiathloni imekuwa mchezo wa Olimpiki, kwa masafa mafupi: kilomita moja na nusu majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Masafa ya kati ni nusu ya yale ya Hawaii, yaani kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21 za kukimbia. Haya ya kati ndiyo yaliyoanzishwa Rubavu, nchini Rwanda, mwezi wa Agosti mwaka 2022, kando ya Ziwa Kivu. Rubavu ndio mji uliokuwa ukiitwa Gisenyi, ulio mpakani na Goma, na Kiswahili chasikika pande zote mbili za mpaka. Nikaazimia kwamba Agosti ya mwaka uliofuata lazima niwepo.

KWA NINI LEWA

Sasa mtu ataniuliza: ikiwa shabaha yako ni Rwanda, Lewa wafuata nini?

Nilikuwa na mawili ambayo Mombasa haikuweza kunipa. La kwanza ni hewa. Sisi twaishi usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu yake, na Lewa iko karibu mita 1,700. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, hata kule Lewa kila pumzi huwa na oksijeni pungufu ya hii ya kwetu kwa karibu moja kwa tano. Mtu akikaa bara kwa wiki kadhaa, mwili huongeza chembe nyekundu za damu ili kuziba pengo hilo. Mimi mwalimu sina wiki kadhaa. Lakini nilitaka japo niujue uzito wa pumzi ile kabla ya siku ya hukumu, nisije nikakutana nayo mara ya kwanza Rubavu nikababaika.

La pili ni milima na njia mbovu. Nilifanya mazoezi ya kupanda kutoka Kombani hadi Kwale, na kupanda kwenyewe si haba. Lakini lami ni lami. Mguu huzoea kukanyaga namna moja, kama mtu anayesoma ukurasa mmoja kila siku. Njia ya udongo na mawe haikupi hatua mbili zinazofanana. Kifundo cha mguu hufanya kazi, nyayo hufanya kazi, na misuli midogo ambayo mtu hakujua kwamba anayo huanza kujitambulisha kwa jina. Na kule kuteremka mlima ndiko kunakofundisha zaidi, kwani mapaja huwa yanavutwa huku yanajizuia, yakaumia. Kisha, yakipata siku za kupona, huwa magumu zaidi kwa wiki kadhaa zijazo. Mkimbiaji anayeshuka kwenye baiskeli baada ya kilomita 90 huhitaji mapaja ya namna hiyo.

Ama Lewa yenyewe ni hifadhi ya wanyama, kaskazini mwa Mlima Kenya, yenye eneo la ekari zipatazo 62,000. Zamani ilikuwa shamba la ng'ombe. Mwaka 1983 sehemu yake ilitengwa kuwa kimbilio la vifaru, kwani nchi yetu iliyokuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970 ilibakiwa na kama 400 tu mwishoni mwa miaka ya themanini, kwa sababu ya majangili wanaouza pembe. Mwaka 1995 ikawa hifadhi kamili, na mwaka 2013 ikaingizwa pamoja na Mlima Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mbio zake zilianza mwaka 2000 na hukimbiwa mwisho wa Juni. Fedha zinazochangwa huenda kwenye shule, zahanati, maji na ulinzi wa wanyama. Kwa hiyo jasho la mkimbiaji huko halipotei bure mchangani.

Nilikuwa na hamu nazo siku nyingi, lakini mwaka 2015, 2016 na 2017 mwezi wa Juni uliangukia Ramadhani, na hata miguu ingaliweza, nia isingalikubali. Mwaka 2023 zikaangukia siku chache kabla ya Idi Kubwa. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nanyuki, tukapita Timau penye mashamba ya ngano na baridi isiyojua adabu, tukateremka hadi Lewa.

SIKU YENYEWE

Tulilala katika mahema. Niliamka kabla ya Alfajiri nikatawadha kwa maji ambayo, wallahi, nilidhani yametoka kwenye barafu ya mlimani. Nikaswali nimeelekea kaskazini, Mlima Kenya nimeupa mgongo. Kulipokucha nikageuka nikauona wote, kilele cheupe kimekatwa na wingu, nami mtu wa minazi nikajiona mdogo kabisa.

Saa moja asubuhi tukaachiliwa. Kabla yetu helikopta ilikuwa imekwisha zunguka juu ya njia ili kuwasogeza tembo, vifaru na simba, na askari wa wanyama walisimama na bunduki zao vilimani. Watu hucheka wakisikia hayo, lakini mle ndani hakuna ukuta baina yako na mnyama. Kuna macho ya askari tu, na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Njia yote ni ya udongo. Hupanda, hushuka, hupanda tena. Vumbi la miguu ya walio mbele hukuingia puani na mdomoni. Kilomita tano za mwanzo nilikwenda vizuri, nikadanganyika kwamba mambo ni mepesi. Ilipofika ya nane, penye kilima kirefu, nikasikia kifua chafunga. Sikuchoka miguu, nilikosa pumzi. Ni kama kuvuta hewa kwa kitambaa. Hapo nikakumbuka nilichojia: kwamba haya ni mazoezi wala si mashindano. Nikatembea kila kilima, nikakimbia kila mteremko na kila tambarare. Vijana wa huko wakanipita kama upepo, na watoto wa shule wamekaa kando ya njia wakishangilia. Mmoja akaniita, "Mzee, kimbia!" Mombasa naitwa kijana bado.

Tulipofika penye bonde niliona punda milia wa Grevy, wale wenye mistari myembamba na masikio makubwa, wamesimama mbali wakitutazama kwa utulivu. Nikawaza kwamba hao nao huuliza lile swali la mzee: hawa watu wakimbia nini?

Nilikuwa nimefunga tende kumi na mbili kiunoni. Kila nusu saa nilikula moja, nikanywa maji kidogo yaliyotiwa chumvi, sukari na ndimu. Mwili huhifadhi sukari yake katika misuli na ini, lakini akiba hiyo haitoshi marathoni nzima, na anayesubiri mpaka ahisi njaa huwa amekwisha chelewa. Vile vile anayekunywa maji matupu kwa pupa huweza kuipunguza chumvi ya damu yake mpaka akaanguka. Kiasi ndicho kilichonisaidia.

PENYE MLANGO

Nataka msomaji anisikilize vizuri hapa, kwani hapa ndipo palipo na jambo lenyewe.

Marathoni ya Lewa ni mizunguko miwili ya njia moja. Wanaokimbia nusu ya marathoni humaliza baada ya mzunguko mmoja. Kwa hiyo ukifika kilomita ya 21 unafika pale pale ulipoanzia. Pana muziki, pana vivuli, pana chai, pana watu wamekaa chini na medali shingoni wakicheka. Na wewe, ambaye miguu imekwisha kuwa magogo na jua limekwisha kupanda, unatakiwa uyapite yote hayo uingie tena katika vumbi, ukavipande tena vilima vile vile ambavyo sasa unavijua kila kimoja kwa uchungu wake.

Nilisimama. Sisemi uongo, nilisimama. Nikajiambia kwamba nimekuja kwa mazoezi, na mazoezi yametosha. Nikajiambia kwamba nina mke na watoto. Nikajiambia kwamba hakuna Mombasa atakayejua. Ajabu ni kwamba kila sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli. Uvivu wenye akili hausemi uongo. Huchagua tu ukweli unaoufaa.

Mama mmoja, mwalimu wa hapo hapo Meru kama nilivyojua baadaye, alinikuta nimeshika kiuno. Umri wake haukuwa mbali na wangu. Akauliza, "Wewe wa pwani? Nimesikia lafudhi yako pale kwenye maji."

"Ndiyo, dada."

"Basi twende polepole. Mimi sina haraka."

Tukaenda. Tulitembea vilima, tukakimbia miteremko, tukazungumza habari za shule na karo na watoto wasiosikia. Kilomita ya 30 nilitapika, akaniuzia subira kwa maneno mawili matatu na kunigawia chumvi. Kilomita ya 35 yeye naye goti likamshika, nami nikamngoja. Hivyo ndivyo tulivyofika. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi mchana, yaani saa tano na dakika hamsini tangu tulipoanza. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Mkenya mwenzetu Kelvin Kiptum, aliyefariki dunia Februari 2024, alikimbia masafa hayo hayo kule Chicago, katika lami ya mji tambarare, kwa saa mbili na sekunde 35. Mimi na yeye tulikimbia kilomita zile zile, lakini naona haya kusema kwamba tulifanya kazi moja.

Niliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kuunganisha, kama ifaavyo msafiri. Kurukuu kulikuwa kwa taabu, na kwenye sijida nilikaa sana, si kwa uchaji tu bali kwa kutafuta namna ya kuinuka.

ONYO LA KIRAFIKI

Sitaki mtu asome haya akaamka kesho kwenda kukimbia marathoni. Mimi nilichukua miaka sita kufika pale. Aliye na sukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Tena wako walimu wengi wa mchezo huu wanaosema kwamba marathoni nzima wiki sita kabla ya traiathloni ni mzigo mkubwa, na kwamba mzunguko mmoja ungalitosha. Maneno yao yana uzito. Wiki mbili baada ya Lewa sikukimbia hata kidogo. Nilitembea, nikaogelea polepole, nikapanda baiskeli bila ya kujikaza. Mafunzo ya mbio hayaingii mwilini wakati wa kukimbia bali wakati wa kupumzika, na asiyejua kupumzika huvuna majeraha.

BAHARI NI YA NANI?

Mwezi wa Agosti nilikwenda Rubavu. Sitawachosha kwa habari zake. Nilimaliza kwa saa saba na dakika arobaini, ndani ya muda uliowekwa. Kwenye vilima vya mbio za mwisho niliuona mlango ule ule wa Lewa, wa kuacha au kuendelea, na safari hii sikusimama. Lewa ilinilipa.

Lakini jambo lililonichoma ni majini. Baadhi ya waliokuja kutoka bara waliniambia, "Wewe wa Mombasa, kuogelea kwako ni maji." Nikaitika kwa kiburi. Ukweli ni kwamba nilianza kuogelea sawasawa nikiwa na miaka arobaini na tatu, katika hori ya Tudor, nikifundishwa na mvuvi aliyenicheka wiki nzima. Nimezaliwa kisiwani, nami nusu ya umri wangu sikuweza kuvuka mita hamsini za maji.

Tena si mimi peke yangu. Hebu kila msomaji ahesabu nyumbani kwake: ni wangapi wanaojua kuogelea? Binti zako je? Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, na watu 272 wakapoteza maisha yao karibu na nchi kavu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na nyumba ya tatu kutoka kwetu ilitoa majeneza mawili siku moja. Sisemi kwamba kila aliyekufa angaliokoka kwa kujua kuogelea. Katika msukosuko ule hata muogeleaji huvutwa. Lakini tangu siku hiyo tumelia, tumesoma hitima, na watoto wetu bado hatujawafundisha.

Mwaka 2010 kule Delhi, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Jason Dunford aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya kuogelea, ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Ni kijana wa Nairobi, mji usio na bahari. Simwonei wivu, namshukuru. Lakini bahari ni yetu na dhahabu imetoka bara. Hilo halitushtui?

Na wala haya si mambo ya kigeni. Lamu kwenye tamasha lao la utamaduni hushindana kuogelea, mashua na punda, na mji mzima hutoka kutazama. Michezo mitatu hiyo nayo! Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Habari hiyo twaisoma vyuoni, kisha tukimwona mtu mzima akikimbia twamdhihaki. Ama suala la sitara si kikwazo. Mimi nilikimbia na kuogelea nimejisitiri mpaka chini ya magoti, na mavazi ya kuogelea ya wanawake yanayofunika mwili mzima siku hizi yauzwa madukani. Kinachokosekana ni mahali na saa zao.

Kwa hiyo nasema wazi. Wakuu wa kaunti zetu za mwambao na watengee watoto sehemu salama za kujifunza kuogelea katika mahori yetu, na saa maalumu kwa wasichana chini ya walimu wanawake. Wapanda baiskeli nao wapewe ukingo wa barabara ya kwenda Malindi, kwani kila Jumapili alfajiri mimi hutoka nyumbani nikiwa nimekwisha aga. Shule zetu na madrasa zetu ziwe na saa ya mchezo iliyo saa kweli, wala si dakika za kupigia gumzo. Na kwa nini tusiwe na mbio zetu wenyewe za njia za udongo, pale Shimba Hills au Taita, ambazo fedha zake zitajenga zahanati kama zifanyavyo za Lewa? Tuna milima na tuna bahari. Tusilo nalo ni azma.

Niliporudi kutoka Rwanda nilikwenda barazani kumwamkia mzee wangu. Nikamwambia, "Uliniuliza nakimbia nini. Nakimbia kiti cha baba."

Akanyamaza kitambo, kikombe chake kimesimama hewani. Alimjua baba, na alikuwa akimtembelea pale kwenye kiti miaka yote mitatu. Kisha akasema, "Yupo mjukuu wangu, ana miaka tisa. Ijumaa baada ya Alasiri mpeleke kwa huyo mvuvi wako."

Nilimpeleka, na sasa anavuka hori kwenda na kurudi. Mzee mwenyewe bado hajaanza kutembea asubuhi. Asema magoti hayataki. Nimemwambia kwamba mpaka mskiti wa pili ni hatua mia tano tu, na kwamba nitamngoja.